Mtoto Akiungua Mkunya, Atibiwe Wapi?

Hoja iliyo mezani ni hii: je, hospitali ya wilaya pale Newala, pamoja na upungufu wake wa watumishi, dawa na hata maji, ianzishe wodi maalumu ya walioungua moto? Au fedha zielekezwe kwingine, na walioungua wasafirishwe hadi hospitali ya Ndanda, au ya Ligula, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyoko Mitengo, Mtwara? Nimeigawa hoja katika sauti nne: muuguzi wa wodi ya upasuaji Newala, daktari wa upasuaji wa Ndanda, afisa mipango wa halmashauri, na bibi wa kata ya Mkunya anayelea wajukuu. Hawana majina kwa sababu si watu fulani. Ni misimamo inayogongana kila jambo hili linapozungumzwa, nami nimeitungia maneno. Mimi ndiye msimamizi, lakini nina upande, na nitausema kabla hatujaachana.

Msomaji asiyeujua uwanda wa Makonde anahitaji kujua mambo mawili kabla ya kuwasikiliza. La kwanza ni maji. Huku juu udongo ni wa kichanga, mvua inazama moja kwa moja, na mito iko chini mabondeni. Ndiyo maana mradi wa maji wa Makonde ulianzishwa tangu enzi za mkoloni, miaka ya 1950, maji yakisukumwa kwa pampu kutoka bondeni kupanda mlima. Chanzo cha Mitema, bonde la Kitangari, ndicho kinachotegemewa hadi leo, na pampu ikiharibika watu hurudi kwenye maji ya mvua waliyoyakinga kwenye bati. La pili ni moto wenyewe. Kuna mafiga matatu chini sakafuni, na mtoto anayejifunza kutembea anazunguka sufuria ya uji. Kuna baridi ya Juni na Julai, watu wakiota moto asubuhi. Kuna korosho zinazokaangwa kienyeji ili zibanguliwe, ganda likitema mafuta yanayowaka na kuchubua ngozi hata bila moto. Kuna petroli ya mashine za kupulizia salfa, iliyohifadhiwa kwenye vidumu ndani ya nyumba yenye kibatari. Kuna mitambo ya kupikia pombe ya nipa. Hatari ya kuungua imo katika kazi za kila siku, na wanaoumia zaidi ni wale wasiofanya kazi hizo, yaani watoto.

AFISA MIPANGO: Naanza mimi, kwa kuwa najua lawama zitaishia kwangu. Halmashauri haiwachukii walioungua. Lakini mezani kwangu kuna ombi la kupanua wodi ya wazazi, kuna chumba cha watoto njiti, kuna nyumba za watumishi, kuna gari la wagonjwa linalosubiri matairi. Kila anayekuja anasema lake ni la kufa na kupona, na wote wanasema kweli. Sasa niandike wodi maalumu kwa ajili ya wagonjwa wachache? Serikali imejenga hospitali ya kanda Mitengo. Barabara ya Mnivata, Newala hadi Masasi, kilomita 160, ipo kwenye mpango wa lami. Kwa nini tusiwapeleke wagonjwa kwa mabingwa?

MUUGUZI: Bwana Mipango, rufaa peke yake haimtibu mtu. Kutoka Newala hadi Mtwara ni takriban kilomita 140. Ngoja nikueleze kinachotokea mwilini mwa mtoto wakati gari linatafutwa. Ngozi ikiungua sehemu kubwa, maji ya mwilini yanavuja kutoka kwenye mishipa na kuingia kwenye nyama. Mtoto anavimba, huku damu yake inapungukiwa na maji. Mchukue mtoto wa kilo 12 aliyemwagikiwa chai kifuani na mkononi, ameungua asilimia 20. Tunapima kwa kiganja chake mwenyewe: kiganja pamoja na vidole ni asilimia moja. Hesabu yetu ni mililita 3, mara kilo 12, mara 20. Inakuja mililita 720 za dripu ndani ya saa 24, na juu yake maji yake ya kawaida ya siku. Nusu ya hizo 720, yaani 360, lazima ziingie katika saa 8 za mwanzo. Na saa hizo zinaanza pale alipoungua, hazisubiri afike kwangu. Akinifikia saa nne baadaye, zile 360 nina saa nne tu za kuziingiza. Ukimpakia kwenye gari bila dripu, unampeleka Mtwara akafie huko kwa figo zilizokauka.

DAKTARI: Sista yuko sahihi, na bado sikubaliani naye. Alichokieleza hakihitaji wodi. Kinahitaji zahanati iliyofundishwa. Mhudumu wa zahanati akijua kuhesabu viganja, akawa na chupa mbili za dripu, akajua kupima mkojo wa mtoto, mililita moja kwa kila kilo kwa kila saa, mgonjwa atasafiri salama. Hata pasipokuwa na dripu, aliyeungua sehemu isiyo kubwa sana, anayeweza kunywa na hatapiki, anywe maji ya ORS, kidogo kidogo, mfululizo. Pakiti za ORS ziko kila zahanati kwa ajili ya kuhara. Ni wangapi wamefundishwa kwamba zinaokoa na aliyeungua?

Hapa niingilie kidogo. Mjadala huu ukifanyika kwenye kumbi za mikutano, huishia hapohapo: mmoja anataka jengo, mwingine anataka mafunzo, na wote wanaondoka wakiwa wamesema jambo jema. Nimemuweka Bibi mahali hapa kwa makusudi. Yeye ndiye mtu wa kwanza kumfikia mtoto, kabla ya zahanati, kabla ya dripu, kabla ya fomu ya rufaa.

BIBI: Wanangu, mnahesabu saa za gari. Mimi nianze na dakika. Mtoto wa binti yangu alivuta kitambaa, sufuria ikamwangukia. Mnajua nilifanya nini? Nilimpaka asali. Jirani akaleta dawa ya meno. Mwingine akasema manyoya ya sungura. Nilipofika kwenu mlinigombeza, eti nimeharibu kidonda. Sawa, nimesikia. Lakini miaka yote mnatuambia tusipake hiki, tusipake kile. Mmewahi kuja Mkunya kutuambia tufanye nini? Mkisema "mmwagie maji", ni maji yapi? Ndoo ile ni ya kupikia, ya kunywa na ya kuogea, ya nyumba nzima.

MUUGUZI: Bibi, shikamoo, na nakuomba radhi kwa kugombezwa. Hakuna aliyeugua au kuuguza anayestahili kupokelewa hivyo. Swali lako nalijibu hivi. Ndoo moja inatosha. Mvue nguo iliyolowa, mvue na shanga au kamba za mkononi kabla hajavimba. Mkalishe juu ya beseni, chota kwa kikombe, mwagia palipoungua taratibu, maji yakidondokea beseni uyachote tena. Endelea kwa dakika 20, ukiweza. Hata kama saa moja au mbili zimeshapita, bado maji yanasaidia. Halafu mfunike kwa khanga safi na kavu, na sehemu nyingine ya mwili mfunike na blanketi, maana watoto hupata baridi upesi. Poza jeraha, mpashe mtoto joto. Usimpake kitu mpaka tumuone. Asali ina dawa yake, hilo sikukatalii, hata hospitalini wapo wanaoitumia kwa vidonda vidogo. Lakini asali ya jikoni juu ya jeraha bichi inashika vumbi na mchanga, halafu nikilisafisha mtoto anaumia mara mbili.

BIBI: Hayo maneno nimeyaelewa. Lipo lingine. Kijana wa kwa jirani ana kifafa. Aliangukia motoni, watu wakasimama. Wanaogopa mate yake, wanasema ukimgusa nawe unakipata. Akaungua mpaka mfupa. Huyo mtampangia wodi gani?

Nasimama hapa, kwa kuwa Bibi amefungua jambo ambalo wataalamu wengi hulipita. Hofu ya kumgusa mwenye kifafa imeandikwa Tanzania tangu miaka ya 1960, pale daktari Louise Jilek-Aall alipofanya kazi Mahenge na kukuta wagonjwa wenye makovu makubwa ya moto kwa sababu hiyohiyo. Kifafa hakiambukizi kwa mate wala kwa mkojo. Anayemvuta mgonjwa kutoka motoni hapati kitu chochote zaidi ya shukrani. Na vidonge vya kifafa, vikipatikana kila mwezi bila kukatika, vinazuia kuungua kuliko bango lolote la ukutani. Hospitali inayotaka kutibu majeraha ya moto kwa dhati itaanza na kliniki ya kifafa iliyo hapohapo ndani ya uzio wake. Hiyo haihitaji tofali hata moja.

AFISA MIPANGO: Mnaona? Kila mnaloleta ni la bei nafuu na halihitaji wodi. Mnanisaidia.

DAKTARI: Usishangilie mapema, Bwana Mipango. Sasa nakuja kwenye sehemu yenye gharama. Jeraha lililochoma ngozi ya juu tu litapona lenyewe likitunzwa vizuri. Jeraha lililochimba likifika wiki ya tatu halijafunga, halitafunga vizuri kamwe. Litafunga kwa kovu linalovuta. Dawa yake ni kupandikiza ngozi: unakwangua ngozi nyembamba pajani kwa kisu maalumu, unaipanua, unaiweka juu ya kidonda safi. Kisu chenyewe si mashine ya ajabu, ni wembe wenye mpini na kipimo. Lakini nyuma ya kisu kuna mtu wa usingizi, kuna damu benki, kuna chumba cha upasuaji kisichokatikiwa umeme, kuna mkono uliozoea. Mkono hauzoei kwa wagonjwa wawili kwa mwezi. Ndiyo maana nasema: wodi moja ya maana, Ndanda au Mtwara, wagonjwa wote wa Masasi, Newala, Tandahimba na Nanyumbu waende huko. Ukitengeneza vyumba vidogo kila wilaya bila upasuaji, utakuwa umejenga mahali pa kusubiria makovu.

MUUGUZI: Dokta, wengi wanakufa au wanalemaa kabla ya hicho kisu. Njoo wodini asubuhi. Kitanda cha kwanza ni mtoto mwenye jipu. Cha pili mzee wa ngiri. Cha tatu mtoto aliyeungua, kidonda wazi kama sahani, usaha wa mwenzake uko hatua mbili. Leo nafunga mimi. Kesho yupo mwingine ambaye hajui nilikiona kidonda kikoje. Keshokutwa anakuja mwanafunzi. Gozi tumeiweka kavu kwa kuwa ya vaselini imekwisha, imegandana na nyama, na tunaivuta. Tunavuta na ile ngozi changa iliyoanza kuota. Mtoto akisikia magurudumu ya toroli yanapita korido, hata kama haliji kwake, anaanza kulia. Baada ya siku tano hataki kula. Asiyekula hapandi ngozi, Dokta, hata kisu chako kiwe cha dhahabu. Siku ya saba bandeji inatoa rangi ya kijani na harufu yake unaijua. Huyo ndiye ninayekuletea Ndanda, na wewe unaniuliza kwa nini amechelewa.

Sitaki msomaji aipite hotuba hiyo haraka. Kila kitu alichokitaja muuguzi kinarekebishika katika hospitali ya wilaya, na hakuna hata kimoja kinachorekebishwa na barabara. Gozi isiyogandana hutengenezwa hospitalini penyewe: gozi ya kawaida, vaselini, kopo la bati, na mashine ya kuchemshia vifaa. India madaktari wamewahi kutumia majani ya mgomba yaliyotakaswa kwa mvuke kufunika majeraha, yakateleza bila kuumiza. Maumivu yana dawa zilizomo katika orodha ya dawa muhimu: ketamini, ambayo hospitali zetu za wilaya huitumia katika upasuaji, na mofini ya kunywa. Mtoto akipewa ketamini kidogo, chini ya uangalizi wa anayejua kutunza njia ya hewa, anasafishwa kidonda bila kukumbuka. Kumfunga kidonda cha moto mtoto anayepiga kelele, huku mama yake amemshika miguu, ni jambo tulilolizoea. Hatukupaswa kulizoea.

DAKTARI: Hapo umenigusa, Sista. Ila nawe ukubali ukweli wangu mmoja. Mtu mzima aliyeungua zaidi ya nusu ya mwili, kwa vifaa tulivyonavyo kusini, hatutamuokoa hata tukikesha. Wodi yako haitambadilishia hilo. Familia itauza korosho na mbuzi, na maiti itarudi.

MUUGUZI: Nakubali. Huyo tumpe mofini, tumfunge vizuri, tukae naye, na ndugu waambiwe ukweli mapema. Lakini usiwapime wote kwa huyo. Wodi yangu ni ya yule wa asilimia 10, 20, 25. Huyo anaishi au anakufa kutegemea nani amemshika. Na wengi ni huyo.

Muuguzi ana ushahidi wa kumuunga mkono. Phillipo Chalya na wenzake walipoandika mwaka 2011 kuhusu watoto walioungua waliotibiwa Bugando, Mwanza, waliokuwa wengi ni wadogo kabisa, walioungulia nyumbani, na maji ya moto yaliongoza. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo 180,000 duniani kila mwaka vitokanavyo na kuungua, vingi katika nchi kama zetu. Sisi huuona moto ukiwa mkubwa tu. Tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipolipuka Msamvu, Morogoro, taifa zima lilisimama. Waliofariki walizidi 100, majeruhi wakakimbizwa Muhimbili, viongozi wakafika wodini. Ilistahili. Lakini mtoto mmoja mmoja wa sufuria ya uji, leo Mkunya, kesho Nanyamba, keshokutwa Lulindi, hapigiwi king'ora.

AFISA MIPANGO: Mnasema kwa uchungu na sina moyo wa jiwe. Basi nijibuni maswali ya mwenye kalamu. Moja: watumishi. Nikiwapa wauguzi wawili wa wodi hiyo, nani atakaa wodi ya wazazi usiku? Mbili: vitu hivyo, gozi, krimu, mofini, vitatoka Bohari ya Dawa kwa fungu lipi? Tatu, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Nimeshuhudia miradi ya wafadhili. Wanakuja, wanapaka rangi, wanafundisha watu, wanapiga picha. Aliyefundishwa anahamishwa Tabora. Mfadhili anaondoka. Chumba kinakuwa stoo ya vitanda vibovu. Mnaniahidi nini?

BIBI: Na mimi nina swali la kalamu, baba. Mjukuu wangu ni chini ya miaka mitano, mkaniambia matibabu yake ni bure. Sawa. Mbona niliambiwa nikanunue gozi duka la nje? Mbona nililipa nauli, nikala kwa mama ntilie wiki tatu, shamba langu limeachwa na korosho zinaanguka? Huko Mtwara mnakonipeleka sina ndugu. Newala ninao. Mkimtibu hapa, shangazi yake ataleta chakula, mimi nitarudi kuokota korosho. Mkimpeleka mbali, nitamtoa kabla hajapona. Nilimtoa. Ndiyo maana vidole vyake vimeshikana.

Hapo pana jibu ambalo daktari wala afisa hawakuwa nalo. Umbali unamtoa mgonjwa hospitalini kabla ya wakati, na anayetolewa mapema ndiye anayekakamaa. Pale Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, ambako madaktari wa Kitanzania na wenzao wa Uholanzi, akiwemo Matthea Botman, wamefanya kazi ya majeraha ya moto kwa miaka kadhaa, walichunguza mambo matatu kwa pamoja: mgonjwa anafika lini, anapata upasuaji au hapati, na anamudu kulipa au hamudu. Nadhani hivyo ndivyo inavyopasa kuuliza. Haydom nayo iko mbali na miji. Na Arusha iko nyumba iitwayo The Plaster House, inayolaza watoto baada ya upasuaji, wakiwemo wenye makovu ya moto, wakae, wale, wafanye mazoezi mpaka mkono ufunguke. Walioianzisha walitambua kwamba upasuaji ni siku moja, na kupona ni miezi.

DAKTARI: Kwenye mazoezi nakubaliana na kila mtu aliyeko hapa. Mkono wa yule mtoto haukuhitaji bingwa. Ulihitaji kipande cha plasta cha kuushikilia, vidole vimenyooshwa na kutenganishwa, usiku na mchana, na mtu wa kumchezesha kila siku tangu wiki ya kwanza. Shingo ikiungua, mgonjwa asipewe mto. Kwapa likiungua, mkono ulale mbali na mwili. Kila mtu hulala kwa mkao usiomuuma, na mkao huo ndio unaomlemaza.

MUUGUZI: Sasa Dokta, nani atamkataza mto usiku wa manane, kama si muuguzi wa wodi anayejua kwa nini?

DAKTARI: Umenibana. Basi nisikilizeni. Nikiulizwa kama nahitaji chumba kikubwa ili nifanye kazi ya maana, nitajibu hapana, kwa kuwa historia inanikatalia. Upasuaji wa kisasa wa majeraha ya moto, ule wa kuondoa ngozi iliyokufa mapema na kupandikiza papo hapo, uliandikwa mwaka 1970 na Zora Janžekovič, daktari wa hospitali ya Maribor, mji wa pembeni kule Yugoslavia ya wakati huo. Haukutoka London wala New York. Hata huku kwetu, Leader Stirling alikuja mwaka 1935 kama daktari wa misheni, akafanya upasuaji Lulindi katika mazingira magumu kuliko haya, na baadaye akawa Waziri wa Afya wa nchi hii. Ninachokiogopa ni chumba kisicho na kisu na kisicho na njia ya kwenda kwenye kisu. Mkinipa njia hiyo, nitaunga mkono. Siku maalumu kila baada ya wiki mbili, mimi nipande Newala, au wagonjwa watatu wanne washuke Ndanda kwa gari moja, wakiwa wasafi, wameshiba, damu imepimwa, kabla ya wiki ya tatu. Hiyo naweza.

AFISA MIPANGO: Na maji?

MUUGUZI: Bati la hospitali ni kubwa, Bwana Mipango. Mvua ya Desemba hadi Aprili inamwagika bure uani. Simtanki mbili za lita 5,000, mifereji, na sehemu ya kuchemshia. Kila mtoto anahitaji kuoshwa kidonda kwa maji safi, na mimi ninahitaji kunawa mikono kati ya kitanda na kitanda. Bila hiyo, usinipe chumba.

Nafunga mjadala, nikiwa na wajibu wa kusema upande wangu.

Afisa mipango ameuliza maswali sahihi kuliko wote, na kwa sababu hiyohiyo ameshindwa hoja. Alidhani anaombwa jengo. Kinachoombwa ni chumba kimoja kilichopo tayari, vitanda sita, mlango unaofungwa, bomba lenye maji ya tangi, joto usiku wa Julai, na wauguzi wanne waliofundishwa wanaopokezana humo peke yao. Daktari naye alikuwa sahihi kwamba upasuaji mkubwa ubaki Ndanda na Mtwara, na alikosea kudhani kwamba tiba maalumu inaanzia kwenye kisu. Ubingwa katika jeraha la moto ni mtu yuleyule kukitazama kidonda kilekile kila siku, akijua jana kilikuwaje. Hilo hospitali maskini inaliweza. Na wale wagonjwa wanaodhaniwa wachache wanakaa kitandani wiki tatu, sita, nane. Gharama yao tunailipa hata sasa, ila tunailipa kwa kulaza muda mrefu na kuzalisha vilema.

Kuhusu kuhamishwa kwa watumishi sina maneno laini. Kumfundisha muuguzi miezi kadhaa kisha kumhamisha kabla hajafundisha mwenzake ni kufuja mali ya umma. Mganga Mkuu wa Wilaya na Mkurugenzi wanaweza kukubaliana kwa maandishi kwamba muuguzi wa chumba hiki hatoki mpaka mrithi wake ameiva. Kuhusu usafiri, nchi inao mfumo wa m-mama, namba 115, unaowafikisha wajawazito na watoto wachanga hospitalini, hata kwa kutumia madereva wa kawaida waliosajiliwa pale gari la wagonjwa linapokosekana. Mtoto aliyeungua naye aingizwe. Kuhusu gozi, msamaha wa chini ya miaka mitano uliomo katika Sera ya Afya ya mwaka 2007 hauna maana kama bibi anatumwa duka la nje. Na kuhusu zile dakika za mwanzo, maneno ya muuguzi kwa Bibi, ndoo, kikombe, beseni, dakika 20, khanga safi, yasemwe kliniki ya watoto kila siku ya chanjo, misikitini, makanisani na kwenye minada ya korosho, mpaka kila nyumba iyajue.

Madiwani wa Newala Mji na Newala Vijijini, mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, wakati baridi imeshapanda na watoto wameshasogea motoni. Bajeti yake huandaliwa miezi mingi kabla. Wekeni fungu la chumba hiki katika bajeti ijayo, na mliandike kwa jina lake, ili mwakani tuulize limetumikaje.